Kukaa, Kusimama au Kutembea: Uchaguzi wa Mashine ya Kukatia Nyasi Mkoani Singida

Mashine ya kukatia nyasi inayogeuka papo hapo ni ile ambayo kila gurudumu lake la nyuma huendeshwa kwa pampu yake ya haidroliki, yaani pampu inayosukuma mafuta kwa shinikizo hadi kwenye mota ya gurudumu, kiasi kwamba gurudumu moja laweza kwenda mbele huku la pili likirudi nyuma, na chombo kizima kikajizungusha pale pale kilipo bila kuhitaji nafasi ya kupindia. Haina usukani, bali nyenzo mbili, mmoja kwa kila mkono, na magurudumu yake ya mbele hayaendeshwi wala hayaongozwi, kazi yake ikiwa ni kufuata tu yanakovutwa. Mkulima wa Iramba au Ikungi, wilaya za mkoa wa Singida, aliyewahi kushika plau huielewa kanuni hii bila kusoma kitabu cha maelekezo, kwa sababu jozi ya maksai inapofika mwisho wa shamba, ng'ombe wa ndani hukanyaga mahali pamoja wakati mwenzake wa nje akizunguka, na plau ikageuka. Tofauti iliyopo ni kwamba maksai ana busara ya kusimama aonapo jiwe.

Mashine hizo zimegawanyika katika aina kuu tatu kwa kufuata mahali anapokuwa mwendeshaji wake. Ya kwanza ni ya kukalia, ambayo mwendeshaji hukaa kitini na kushika nyenzo zinazomfikia mapajani. Ya pili ni ya kusimamia, ambayo mwendeshaji hupanda kibao kidogo kilichopo nyuma na kuiendesha akiwa wima. Na ya tatu ni ya kufuata kwa miguu, ambayo humtangulia mwendeshaji naye akatembea nyuma yake ameshika vishikio. Wauzaji huueleza uchaguzi huu kuwa ni suala la mgongo, magoti na mfuko wa mnunuzi, na kwa nchi zilikotoka mashine hizo maelezo hayo yanatosha. Mkoani Singida, hata hivyo, mgongo wa mnunuzi ni jambo la mwisho kuulizwa, kwa maana kiwanja huwa kimekwisha kuchagua kabla mwenye kiwanja hajahesabu fedha zake, na mikasa midogo inayojadiliwa katika insha hii huwapata hasa wale wanaochagua bila kushauriana nacho.

Ni vema kwanza kueleza mashine hii ilizaliwa kwa shida gani. Mashine ya kukatia nyasi kwa ujumla wake ilibuniwa na Edwin Beard Budding, Mwingereza wa Stroud katika jimbo la Gloucestershire, aliyeipatia hataza mwaka 1830 baada ya kuona katika viwanda vya nguo mtambo uliotumika kunyoa nyuzi zilizotokeza juu ya kitambaa cha sufu, akakata shauri kwamba kinachoweza kunyoa kitambaa kinaweza kunyoa na uwanja. Zaidi ya karne moja baadaye, katika miaka ya 1960, John Regier wa Kansas nchini Marekani alibuni mashine ya kugeuka papo hapo iliyokuja kuuzwa kwa jina la Hustler, na katika miaka ya 1990 kampuni ya Wright ya Maryland ikaieneza ile ya kusimamia. Shida iliyokuwa ikitatuliwa ilikuwa ya watu wenye uwanda mpana wa nyasi laini uliopandwa miti na matuta ya maua, ambao trekta dogo la usukani liliwaachia vishungi vya nyasi kila kwenye shina la mti, likawalazimu kurudi na mkasi. Kwa maneno mengine, mashine hii ni jibu la swali la kupinda, na mnunuzi wa Singida hana budi kujiuliza kwa utulivu iwapo kupinda kumewahi kuwa miongoni mwa shida zake.

Mkoa wa Singida umo katika ukanda nusu kame wa kati ya Tanzania, ambako mvua ya kati ya milimita 500 na 800 hivi kwa mwaka hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo mbingu hufungwa. Ardhi yake imejaa miamba ya matale inayochomoza kila mahali, mikubwa ikawa vilima ambavyo wageni huvipiga picha, na midogo ikabaki imejificha usawa wa kisigino ikisubiri kidole cha mguu. Nyasi za Singida kwa hiyo huwa na tabia mbili tu: kwa miezi michache hukua kwa pupa, kana kwamba zina habari kwamba muda ni mfupi, na kwa miezi iliyobaki hugeuka makapi ya rangi ya udongo ambayo hakuna mwenye akili timamu anayewasha injini kwa ajili yake. Mnunuzi wa mashine anakuwa amenunua mtumishi wa msimu kwa mshahara wa mwaka mzima.

Suala la ukubwa ndilo linaloleta aibu ya kwanza. Upana wa kava la visu, yaani bamba la chuma linalovifunika visu kwa juu na pembeni, hutajwa kwa inchi, na mashine za kukalia huwa na inchi 42, 48, 52, 60 au hata 72. Mashine ya inchi 60, ambazo ni sentimita 152, ikitembea kwa kilomita 8 kwa saa, hukata kwa hesabu za karatasi mita za mraba 12,160 kwa saa, na hivyo uwanja wa mpira wenye mita 105 kwa 68 humalizika katika dakika 35 hivi. Hesabu hiyo hupendeza mno inaposomwa katika kipeperushi, na mtu mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 huweza kuisoma kwa furaha kubwa bila kukumbuka kwamba, akishatoa nyumba, jiko la nje, tangi la maji, mwembe, banda la kuku na mahali pa kuegesha gari, hubaki na mita za mraba zisizozidi 200, ambazo mashine yake itazimaliza kwa takribani dakika moja, kabla injini haijapata joto na kabla majirani hawajafika kuishangaa. Hasara nyingine haipimiki kwa fedha, kwa sababu chombo cha namna hiyo hununuliwa kwa sehemu kubwa ili kionekane, na dakika moja haitoshi kuonekana.

Hata kuonekana huko hutegemea iwapo mashine imeingia ndani. Geti dogo la watembea kwa miguu kwa kawaida halizidi mita moja, na mashine ya inchi 60, ikiongezwa mdomo wa kutolea nyasi unaochomoza ubavuni, hufika ikiwa pana kuliko geti hilo kwa kiasi ambacho hakipunguzwi kwa maombi wala kwa kusukumwa na vijana sita. Imekuwa desturi kwamba katika hatua hii kila mpita njia hutoa ushauri wa kihandisi, wa kwanza akisema mashine iingizwe kwa ubavu, wa pili ifunguliwe magurudumu, na wa tatu, ambaye ni fundi mwashi na hana haraka, akipima ukuta kwa macho. Utepe wa kupimia unaotumiwa kabla ya kununua ni kifaa cha bei ndogo sana, na uchache wa matumizi yake unastahili utafiti wake wenyewe.

Tukichukulia kwamba chombo kimeingia, aina ya kukalia hudai ustadi ambao haufanani na wa gari, pikipiki wala bajaji. Mwendeshaji akisukuma nyenzo zote mbili sawasawa, mashine huenda mbele. Akiuzidisha wa kulia, hupinda kushoto. Akizivuta zote, hurudi nyuma. Ugumu hutokana na kwamba mikono inayoongoza imeungana na mwili unaotikiswa, hivyo mashine inapoanza kwa ghafla, mwili hurushwa nyuma na mikono ikavuta nyenzo, mashine ikasimama kwa ghafla na mwili ukarushwa mbele, mikono ikasukuma, na mzunguko huo ukaendelea mpaka mwendeshaji na mashine wakawa wanaafikiana kwa vichwa kama wazee barazani. Mwanafunzi wa siku ya kwanza huchora nyasini mistari ambayo haijapata kuonekana katika ramani yoyote, na kwa kuwa mtu aliyeshtuka hukaza mikono badala ya kuilegeza, safari nyingi za kwanza huishia kwenye kamba ya kuanikia nguo, mwendeshaji akarejea kwa mama mwenye nyumba akiwa amejitanda kanga ambayo haikuwa yake.

Mteremko nao una sheria zake. Watengenezaji wengi huonya kwamba mashine hizi zisitumiwe kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15, kwa sababu magurudumu ya mbele hayana breki wala mwongozo, na yale ya nyuma yakiteleza mara moja, hakuna tena sehemu ya chombo inayomsikiliza mwendeshaji. Mji wa Singida una maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na kingo za maziwa ni mahali ambapo mtu mwenye hoteli au bustani hupenda nyasi zishuke taratibu hadi majini. Lakini mashine ya kukalia iliyokwisha kuteleza nayo hupenda kushuka hadi majini, wala haishuki taratibu. Kwa viwanja vya namna hiyo, aina ya kufuata kwa miguu ndiyo yenye busara, kwa kuwa mwendeshaji wake, mambo yakiharibika, huachia vishikio na kubaki nchi kavu akiwa shahidi.

Lipo suala ambalo vitabu vya maelekezo havikuligusa kabisa, nalo ni salamu. Chini ya kiti cha mashine ya kukalia kuna swichi ya usalama inayotambua uzito wa mwendeshaji, na endapo atanyanyuka wakati visu vinazunguka, injini huzimika yenyewe, kwa nia njema ya kumzuia asiteremke akakutana na visu vyake. Watengenezaji walipobuni swichi hiyo hawakuzingatia kwamba mwendeshaji anaweza kuwa kijana wa Kinyaturu au Kinyiramba, makabila ya mkoa huu, aliyelelewa vizuri, ambaye hawezi kumwamkia mzee shikamoo akiwa amekaa juu ya kiti chenye mito, tena akimtazama kwa chini. Hivyo kila mzee apitapo kijana hunyanyuka, na kila anyanyukapo injini hunyamaza. Wazee huipokea hali hii kwa ridhaa kubwa, wakiamini kwamba mashine nayo imefundishwa adabu, na kwa kuwa kimya kimepatikana huona ndiyo nafasi ya kuulizia habari za nyumbani, za mashambani, za ng'ombe, za mjomba aliyeko Manyoni na za mvua. Kiwanja kilicho kando ya njia iendayo sokoni, msikitini au kanisani kwa hiyo hakiwezi kukatwa kwa mashine ya kukalia katika saa za watu, na saa zisizo za watu ni za giza.

Ikipimwa kwa kigezo hicho, aina ya kusimamia hupata alama za juu kuliko zote, na inashangaza kwamba sifa hii haimo katika matangazo yake. Mwendeshaji tayari yuko wima, hivyo heshima ya msingi imetimia kabla mzee hajafika. Akihitaji kutoa mkono, huteremka kwa hatua moja kutoka kwenye kibao na kupanda tena kwa hatua hiyohiyo. Kwa upande wa kazi yenyewe, mwendeshaji aliyesimama huona vizuri mbele ya kava la visu, hupita chini ya matawi ya mwembe kwa kuinama badala ya kupigwa na tawi kifuani, na akikutana na balaa huruka nyuma kwa wepesi, faida ambayo itapata uzito wake nyuki watakapojadiliwa. Kasoro yake ni kwamba miguu hupokea kila mtikisiko wa ardhi, na ardhi ya Singida haina uchoyo wa mitikisiko, kiasi kwamba mwendeshaji wa saa moja huendelea kutetemeka wakati wa chakula cha mchana na kumwaga mchuzi pasipo kosa lake.

Aina ya kufuata kwa miguu ni ya bei nafuu zaidi miongoni mwa hizi tatu na huanzia upana wa inchi 32 au 36, hivyo hupita getini bila kikao cha mafundi. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ile ya inchi 36 huumaliza uwanja wa mpira kwa zaidi kidogo ya saa moja na nusu, na katika muda huo mwendeshaji huwa amekwisha kutembea zaidi ya kilomita 7 akivuta vumbi na harufu ya petroli. Visu vyake husimama mara vishikio vinapoachiwa, jambo linalomrudisha mtu kwenye tatizo la salamu, ingawa kwa wepesi zaidi. Adui yake mkubwa ni heshima ya mwenye mali, kwani mtu aliyetumia fedha za gari dogo kununua mashine hapendi kuonekana akiifuata nyuma.

Mnunuzi aliyekwisha kuchagua hugundua baadaye jambo la kuchekesha kuliko yote, yaani kwamba uwezo ulioipa mashine hii sifa ndio anaoshauriwa asiutumie. Gurudumu moja likisimama kabisa huku la pili likizunguka, lile lililosimama husaga nyasi na kuzing'oa pamoja na mizizi, likaacha duara tupu la udongo. Kwa hiyo waendeshaji wenye uzoefu hufundisha kwamba magurudumu yote mawili yawe katika mwendo wakati wa kugeuka, na kwamba iwe afadhali kwenda mbele, kurudi nyuma na kwenda mbele tena, sawa na gari lolote linalogeuzwa katika uchochoro. Kwenye ukoka mnene uliomwagiliwa, madhara ya kugeuka papo hapo hupona haraka, kwa maana ukoka hutambaa na kuziba. Kwenye nyasi chache za Singida, zilizoshika udongo wa kichanga kwa vidole vyembamba, kila mgeuko wa kujionyesha mbele ya wageni huacha alama ya duara itakayodumu hadi Desemba.

Mawe yanastahili aya yao. Kwa viwango vya usalama vya Marekani, ncha ya kisu cha mashine ya nyasi hairuhusiwi kuzidi mwendo wa futi 19,000 kwa dakika, ambao ni kama mita 96 kwa sekunde, na mashine nyingi hukaribia kikomo hicho kwa kuwa ndiko nyasi zinakokatika vizuri. Kokoto linaloguswa na ncha ya kasi hiyo hutafuta makao mapya, na mara nyingi huyapata kwenye kioo cha dirisha la chumba alichomo mtu aliyepinga ununuzi tangu mwanzo. Jiwe kubwa lenyewe haliendi popote, hivyo kinachohama ni kisu. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa Singida anashauriwa kuacha kava lililotengenezwa kwa kukandamiza bati moja jembamba na kuchagua lile lililochomelewa kwa vipande vya chuma kizito, kwa kuwa kila mtaa una mchomeleaji, na kilichozaliwa kwa kuchomelewa hakioni haya kuchomelewa tena. Kuku wa kienyeji, ambao ndio fahari ya mkoa huu, hukimbia siku ya kwanza mashine inapowashwa, lakini siku ya pili hubaini kwamba nyuma yake hubaki panzi wengi waliotaharuki, wakaanza kuifuata kwa msafara, na kumlazimu mwenye nyumba kumwajiri mtoto wa kuwaswaga, ambaye naye inabidi alindwe dhidi ya kokoto.

Tairi nazo zina adui asiyeonekana kwa urahisi, nao ni mbigiri, mmea unaotambaa chini na kuzaa vijitunda vyenye miiba migumu inayotazama kila upande, ili kwamba vyovyote kinavyoanguka kijitunda, mwiba mmoja uwe umeelekea juu. Mmea huu hupenda udongo mkavu uliokanyagwa, yaani hupenda Singida, na hukaa chini zaidi ya kimo cha visu, hivyo mashine hupita juu yake bila kuukata huku yenyewe ikichomwa. Fundi baiskeli wa karibu, ambaye hakuwahi kuhusishwa katika uamuzi wa ununuzi, ndiye mnufaika wake wa kudumu. Tairi za mbele zisizojazwa upepo hupatikana, nazo humaliza nusu ya tatizo. Nusu ya pili, iliyoko nyuma na yenye uzito wa injini, hubaki kuwa kitegauchumi cha fundi.

Nyuki ndio sura ya mwisho ya kiwanja na ndiyo isiyovumilia mzaha. Singida ni mkoa wa asali, mizinga huning'inia kwenye miti kuanzia Manyoni na vichaka vya Itigi hadi kaskazini, na nyuki hawa huchukizwa na mlio na mtikisiko wa injini. Masimulizi ya Wanyaturu humtaja Liti Kidanka, mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa na nyuki kama silaha yake, na uwanja wa mpira wa mjini Singida uliojulikana awali kama Namfua leo unaitwa kwa jina lake. Ikiwa bunduki za dola ya Kaisari ziliona taabu mbele ya silaha hiyo, ni wazi kwamba injini ya nguvu farasi 25 haitafua dafu, na mwendeshaji aliyekaa kitini asitegemee wepesi wa chombo chake, kwa sababu nyuki nao hugeuka papo hapo, tena bila haidroliki.

Historia ya jirani imekwisha kutoa somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, ambako sasa ni mkoani Dodoma, katika ukanda huuhuu nusu kame, na matrekta ya mitumba ya jeshi yakaletwa, yakifuatiwa na mitambo iliyotengenezwa kwa kubadili vifaru vya Sherman, ambavyo vilipinda kwa kutofautisha mwendo wa mnyororo wa kushoto na wa kulia. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu na ukasaga majembe ya chuma, mibuyu ikagoma kung'oka, mvua haikufika kwa ratiba, na nyuki wakawashambulia wafanyakazi. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Kifaru hakikushindwa kupinda hata siku moja. Kilishindwa na kila kitu kilichokuwako kati ya mpindo mmoja na mwingine, na huo ndio muhtasari wa tatizo la mwenye kiwanja wa Singida, ingawa yeye hana bunge la kumuuliza maswali bali mke.

Ifikapo Mei mashine hupumzishwa, na kupumzika kwake ni chanzo cha mikasa mingine. Petroli iliyoachwa ndani kwa miezi kadhaa huchacha na kuacha utando kwenye kabureta, betri huisha nguvu, na nafasi iliyopo chini ya kava la visu, yenye kivuli na isiyofikiwa na mwewe, huonekana na tetea kuwa imejengwa kwa ajili yake. Mvua za kwanza za Desemba hukuta tetea ameatamia mayai, na kwa kuwa kuatamia huchukua siku 21, na hakuna mtu mkoani humo atakayeeleweka akimwondoa kuku kwa ajili ya nyasi, kazi huahirishwa hadi vifaranga vitoke, muda ambao nyasi huutumia vizuri sana. Baada ya hapo hugundulika kwamba mkanda wa kuzungushia visu umepasuka kwa ukavu. Wa kuagiza uko Dar es Salaam, umbali wa takribani kilomita 700, huku fundi wa mtaani akiwa tayari na mkanda wa mashine ya kukamulia alizeti ambao anaapa kuwa ni uleule. Nao hufanya kazi kweli, isipokuwa visu huzunguka taratibu kiasi cha kuzilaza nyasi chini kwa upole bila kuzikata.

Wapinzani wa mashine hii hawakosi hoja. Mbuzi hupendekezwa na wengi, ingawa kitaalamu ni mnyama wa kuchuma majani ya vichaka zaidi ya nyasi, hivyo akifunguliwa kiwanjani humaliza maua ya waridi na fensi ya michongoma kwanza, kisha hutazama nyasi kwa huruma na kuziacha. Kondoo ndiye mla nyasi wa kweli, hukata chini na kwa usawa, na hajali mawe. Fyekeo, yaani bamba jembamba la chuma lenye makali, lililopindwa kwenye ncha na kutiwa mpini, ambalo kila aliyepita shule ya msingi ya Tanzania alitakiwa kulibeba kutoka nyumbani, hupinda kwenye shina la mti kwa kugeuza kiwiko, husikia jiwe kabla ya kulivunja, na husimama lenyewe mzee apitapo.

Kwa kuhitimisha, aina ya kukalia inafaa pale tu palipo na uwanda wa kweli, ulio sawa, unaomwagiliwa na usio na njia ya watu, yaani uwanja wa mpira na kwingine kuchache. Ya kusimamia inafaa kwa shule, hospitali na ofisi zenye miti mingi na wageni wengi wa kuamkiwa. Na ya kufuata kwa miguu inafaa kwenye miteremko na kwa wenye mageti membamba na wasiojali kuonekana. Kwa aina yoyote kati ya hizo, kiwanja hakina budi kutayarishwa kwanza, yaani mawe yaokotwe, mbigiri zing'olewe, geti lipimwe, na mrina asali alipwe ahamishe nyuki. Ni lazima hata hivyo izingatiwe kwamba jiwe halionekani ndani ya nyasi ndefu, hivyo vibarua waliopewa kazi ya kuyaokota hawana njia nyingine ila kuzifyeka nyasi kwanza, kiwanja kizima, kwa mafyekeo yao. Na siku kiwanja kitakapokuwa tayari kabisa kuipokea mashine, mwenye nyumba atakuwa na miezi saba ya kiangazi ya kutafakari upya ni aina ipi inayomfaa.